Madumu Ishirini na Sita

Handaki alichimba Bwana Omari Shebwana,
mchimba makaburi wa Wiyoni, kwa kuwa ndiye pekee
ajuaye mchanga huu unaanzia wapi kuwa jiwe.
Nilimwambia: mita mbili. Akauliza: za maiti gani?
Nikamwambia ni za joto. Tunalizika joto
la chumba cha kujifungulia.
Akatemea viganja, akacheka:
“Huku nti, mwanangu, hakuna aloteta yuwa.”

Bomba tukalilaza, mkunjo kwa mkunjo,
jeusi, kama ukili unaosubiri mshono.

Sasa maji. Nayo hapa hayaji bure.
Ya kisimani yana chumvi, yatailamba shaba
mpaka iwe wavu. Nimenunua matamu,
madumu ishirini na sita, punda wawili, safari kwa safari.
Muuguzi Khuleita kasimama mlangoni, mikono kiunoni:
“Yote hayo? Na hakuna atakayeyanywa?”
“Hakuna.”
“Basi mnayafunga jela.”
Sikumjibu. Nilikuwa nakaza kibanio cha mpira.

Pampu ikakohoa, ikashika.
Pipa likapungua, likapungua, na upande wa pili
ukaanza kutapika: mchanga kwanza,
maganda ya plastiki membamba kama kucha za mtoto,
chungu mmoja, hai, aliyeondoka bila kushukuru,
kisha maji meupe kama tui la pili.
Weupe huo si uchafu. Ni hewa,
hewa iliyosagika.
Lali alitaka kuinua mdomo wa mpira autazame.
Nikamzaba kofi la mkono: uzamishe!
Ukiunyanyua, unaifungulia mlango irudi.

Hewa ina ujanja.
Ukiisukuma kutoka kulia, hujikunyata kushoto.
Nikageuza valvu, nikaifuata kinyumenyume,
ikatoka ikiguna kama mgeni aliyeamshwa alfajiri.
Saa nzima. Saa na nusu. Tui likawa maji,
mshale wa geji ukaacha kutetemeka.
Lali akasema: imekwisha.

Haijaisha. Ina mtihani wake.
Nikaifunga njia ya kurudi, pampu ikawa inasukuma
bila pa kwenda, nikachora mstari wa chaki pipani.
Maji hayabanwi. Hewa hubanwa, hukubali,
hujifanya ndogo, huitika ndiyo, bwana,
na ukiiachia tu hurudia kimo chake.
Maji yakashuka vidole viwili chini ya chaki.
Basi mule ndani yumo aliyeitika ndiyo.
Tukaanza upya.

Ndipo, ng'ambo ya ukuta,
mwanamke akamwita mama yake, kisha akaacha kuita.
Kimya. Hata Khuleita hakusikika.
Na mimi, mkono kwenye valvu,
mtu niliyeshinda nikifukuza hewa kifuani mwa bomba,
nikawa naiomba, hiyo hiyo,
iingie mahali.
Ikaingia. Mtoto akalia kwa hasira,
kana kwamba sisi ndio tuliomchelewesha.

Mara ya nne maji hayakuiacha chaki hata unywele.
Geji: mbili kamili. Nikawasha mashine.
Feni ikazunguka, ikinuka rangi mpya.
Nikashika mabomba mawili kama apimaye homa
ya mapacha: hili linakwenda na thelathini na sita,
hili linarudi na thelathini.
Sita zimebaki chini, kwa Bwana Omari.

Yalisalia madumu mawili. Khuleita aliyachukua
bila kuuliza, akaenda kumwosha mtu mpya.
Mchimba makaburi akachungulia handakini, koleo begani.
“Nifukie?”
“Fukia.”
“Na hiki cha ndani, ki hai?”
“Kinazunguka.”
Akafikiri kidogo,
akaanza na mchanga laini.